Anodi ya silikoni maabara: kutoka unga hadi seli inayopimika

Anayeanza kusoma habari za anodi ya silikoni, yaani upande hasi wa betri ya lithiamu uliotengenezwa kwa silikoni, hukutana mapema sana na namba 3,579. Hizo ni miliampia-saa ambazo gramu moja ya silikoni inaweza kubeba ikishiba lithiamu katika joto la kawaida, wakati grafiti iliyomo kwenye betri ya simu yako inaishia 372. Namba hiyo imewapoteza wengi. Mtu anatengeneza anodi ya silikoni tupu, mzunguko wa kwanza wa kuchaji na kutoa chaji unampa 3,000, anafurahi, na baada ya mizunguko michache anabaki na sehemu ndogo tu ya alichoanza nacho.

Mwongozo huu ni wa mwanafunzi wa uzamili au fundi wa maabara mwenye kisanduku cha glavu chenye gesi ya agoni, mizani ya kuaminika na mashine ya kuchaji na kupima seli, anayetaka matokeo atakayoweza kuyatetea mbele ya msimamizi wake. Kuanzia mwanzo hadi mwisho nitakuelekeza kwenye swali moja: kila mzunguko, lithiamu kiasi gani imekwenda na haikurudi?

Kwanza elewa kinachoiua

Grafiti hupokea lithiamu katikati ya matabaka yake, ikavimba kwa takribani asilimia 10. Silikoni yenyewe huungana na lithiamu ikawa aloi, na ikifikia Li15Si4 ujazo wake unakaribia mara nne ya ule wa mwanzo. Chembe zinapasuka. Vipande vinaachana na karatasi ya shaba, na kipande kisichogusa njia ya umeme ni mzigo tu.

Hayo yanaonekana kwa macho ya hadubini. La hatari zaidi halionekani kirahisi. Elektroliti, kimiminika kinachobeba lithiamu ndani ya seli, haistahimili volti ya chini ya anodi, kwa hiyo huvunjika na kujenga utando juu ya chembe, na utando huo unameza lithiamu. Kwenye grafiti kazi hiyo hufanyika karibu yote mwanzoni, kisha utando unatulia na kuilinda anodi. Kwenye silikoni kila uvimbe unaupasua, silikoni mpya inakutana na elektroliti, utando mwingine unajengwa, na lithiamu nyingine inakwenda. Kila mzunguko unalipiwa.

Mwaka 2008 kundi la Yi Cui, Chuo Kikuu cha Stanford, lilionyesha kwamba nyuzi nyembamba za silikoni zilizooteshwa juu ya chuma zinaweza kuvimba bila kukatika. Mwaka 2012 watafiti waliotazama chembe mojamoja ndani ya hadubini ya elektroni waliona kwamba chembe za fuwele zenye kipenyo chini ya nanomita 150 hivi hazikupasuka ziliposhiba lithiamu mara ya kwanza. Tangu hapo kila mtu alikimbilia nano. Lakini kadiri chembe zinavyokuwa ndogo ndivyo eneo la uso linavyokuwa kubwa kwa gramu ileile, na eneo kubwa maana yake utando mwingi. Nano inatibu kupasuka na kuongeza ugonjwa wa pili.

Ndiyo maana nakushauri usianze na silikoni tupu. Changanya na grafiti. Piga hesabu: silikoni asilimia 10 na grafiti asilimia 90 inakupa 0.1 × 3,579 + 0.9 × 372, yaani karibu 693 mAh/g. Kwa silikoni kidogo hivyo umekaribia kuongeza maradufu, na grafiti inasaidia kubeba uvimbe. Viwanda navyo vimekwenda njia ya mchanganyiko: simu zenye betri za silikoni na kaboni, kama Honor Magic5 Pro ya soko la China ya mwaka 2023, hazikutupa kaboni.

Kupata silikoni: kununua au kuchoma pumba

Ukiwa na bajeti, nunua unga wa nanomita 50 hadi 100 na umuulize muuzaji swali moja tu: oksijeni ni asilimia ngapi? Chembe ndogo zina ngozi ya silika, na silika hiyo inakula lithiamu bila kuirudisha. Unga uliokaa miaka miwili kwenye chupa iliyofunguliwa mara kwa mara siyo ule ulioandikwa kwenye lebo.

Bajeti isiporuhusu, kuna pumba za mpunga. Kyela, Mbarali, Kilombero, Mwea, kote kunakokobolewa mpunga kuna vilima vya pumba ambavyo vingi huishia kuchomea matofali. Zikiungua huacha majivu yenye uzito wa karibu moja ya tano ya pumba, na sehemu kubwa ya majivu hayo ni silika ambayo mmea wenyewe uliipanga katika chembe ndogo. Kazi yako ni kuitoa bila kuharibu mpangilio huo.

Osha pumba kwa maji, kisha zichemshe kwa saa mbili katika asidi hidrokloriki iliyozimuliwa. Usiruke hatua hii. Potasiamu iliyomo kwenye pumba huyeyusha silika wakati wa kuchoma, silika ikafunga kaboni ndani yake, na ukapata majivu ya kijivu yasiyosafishika. Suuza hadi maji yasiwe na ukali, kausha, kisha choma hewani kwa nyuzi 700 za Selsiasi kwa saa mbili hadi tatu. Unga ukitoka mweupe umefaulu. Usipandishe tanuru hadi 900 ukidhani unaharakisha, maana silika itaanza kuwa fuwele.

Sasa toa oksijeni kwa magnesi: SiO2 + 2Mg hutoa Si + 2MgO. Kwa gramu 3 za silika unahitaji gramu 2.43 za unga wa magnesi, na juu yake gramu 30 za chumvi ya kawaida iliyokaushwa. Chumvi haishiriki katika mmenyuko. Ipo kwa ajili ya kunyonya joto, kwa sababu mmenyuko huu ukishawaka hujipandisha wenyewe mbali juu ya joto la tanuru, na chembe zako za nano zinaungana kuwa mabonge. Saga pamoja polepole, weka katika chombo cha chuma cha pua chenye kifuniko, pitisha agoni, panda nyuzi 5 kwa dakika hadi 650, na ukae hapo saa tatu.

Kuosha ndiko kunakotaka akili. Anza na maji mengi kuondoa chumvi. Halafu asidi hidrokloriki ya mola 1 kwa lita. Magnesi uliyotumia inataka angalau mililita 200, kwa hiyo weka 300. Fanya kazi ndani ya kabati la kuvuta hewa chafu, na tia unga ndani ya asidi kidogokidogo kwa kijiko. Sehemu ya magnesi huwa imeungana na silikoni kuwa Mg2Si, nayo ikikutana na asidi hutoa silani, gesi inayojiwasha ikigusa hewa. Utasikia milio midogo na kuona vimulimuli juu ya kimiminika. Ukimwaga unga wote kwa mkupuo, hutakuwa na vimulimuli, utakuwa na moto.

Makala nyingi humalizia na asidi hidrofloriki ili kuondoa silika iliyobaki. Mimi siipendekezi kwa maabara isiyo na mtu aliyefunzwa na jeli ya kalsiamu glukoneti mkononi. Asidi hiyo hupenya ngozi na inaweza kuua kwa jeraha dogo. Bora ubaki na silika kidogo na uitaje katika ripoti.

Thibitisha kwa eksirei. Kwa mashine yenye chanzo cha eksirei cha shaba, vilele vya silikoni vinakaa kwenye nyuzi 28.4, 47.3 na 56.1. Ukiona kilele karibu na 42.9, hiyo ni oksidi ya magnesi, rudi kwenye asidi. Karibu na 40 ni Mg2Si. Na vaa barakoa ya chembe ndogo kila unapofungua chupa ya nano, hata kama unachota kidogo.

Gundi ndiyo nusu ya kazi

PVDF, gundi iliyozoeleka kwenye anodi ya grafiti, haifai hapa. Inaishika chembe kwa nguvu hafifu. Silikoni ikivimba na kunywea, gundi inabaki imevutika na chembe imekwisha kujitenga. Tumia gundi yenye makundi ya kaboksili yanayoshikana na ngozi ya silikoni: CMC, ambayo ni selulosi iliyobadilishwa, au asidi ya poliakriliki. Alginati nayo ni nzuri, na ilionyeshwa hivyo mwaka 2011. Hapo wengi wa pwani huuliza kama mwani wa Zanzibar utafaa. Alginati hutoka kwenye mwani wa kahawia, na unaolimwa Paje na Jambiani ni mwani mwekundu, unaotoa karaginani. Karaginani ina makundi ya salfati badala ya kaboksili. Unaweza kuujaribu kama utafiti wako mwenyewe, ila usiuite alginati.

Nitatumia CMC kwa sababu inapatikana na haina gharama. Yeyusha asilimia 3 kwa uzito katika maji safi, ukoroge usiku kucha. Ikibaki na vidonge hata vidogo, vitaonekana kama chunusi kwenye anodi.

Jambo moja linaloleta tofauti kubwa kwa bei ya karibu bure ni ukali wa rojo. Rojo likiwa na pH ya 3 hivi, CMC na silikoni hufungana kwa kemia wakati wa kukauka, tofauti na kushikana kwa juu juu tu. Ukali huo unaupata kwa asidi ya sitriki na potasiamu haidroksidi kidogo. Ile ndimu ya unga ya dukani ni asidi hiyohiyo, lakini kwa kazi hii tafuta ya maabara.

Rojo na kupaka

Kwa gramu moja ya vitu vikavu: silikoni 0.08, grafiti 0.72, masizi ya kaboni 0.10, CMC 0.10. Hiyo CMC iko ndani ya gramu 3.33 za kimiminika chako cha asilimia 3. Saga silikoni na masizi kwanza, vikiwa vikavu, kwa nusu saa. Masizi yasipozizunguka chembe za silikoni mapema, baadaye hayatapata nafasi. Kisha ongeza grafiti bila kusaga kwa nguvu, ili usivunje vipande vyake. Mwisho CMC, na maji tone kwa tone hadi rojo litiririke kama uji wa kunywa.

Usilifunge rojo kwenye chupa yenye kifuniko cha kukaza na kwenda nyumbani. Silikoni ya nano na maji hutoa haidrojeni polepole, hasa rojo lisipokuwa na ukali. Chupa inaweza kufura au kufyatuka. Lipake siku hiyohiyo.

Sambaza juu ya karatasi ya shaba ya mikromita 10 kwa kisu cha kupakia chenye mwanya wa mikromita 200. Kausha kwa nyuzi 80 hadi maji yaishe, kisha kata visahani vya kipenyo cha milimita 14. Baada ya hapo oveni ya ombwe, nyuzi 120, usiku mzima, na kutoka hapo moja kwa moja kisanduku cha glavu. Kwa hewa ya Dar es Salaam au Mombasa, kisahani kilichokauka kikikaa mezani unapokunywa chai kimeshanyonya unyevu tena.

Mizani inaamua kila kitu

Hapa ndipo namba nyingi nzuri za kwenye makala zinapozaliwa bila haki. Sahani yako ina eneo la sentimita mraba 1.54. Shaba ya mikromita 10 ina miligramu 8.96 kwa sentimita mraba, yaani 13.8 kwa sahani. Tuseme sahani nzima ina miligramu 18.4. Mpako ni 4.6, na asilimia 80 ya hizo, yaani 3.68, ndizo zinazofanya kazi. Zidisha kwa 0.693: uwezo wa kinadharia ni 2.55 mAh, karibu 1.66 kwa sentimita mraba.

Sasa fikiria karatasi ya shaba haina unene sawa, na sahani yako ilikuwa na shaba miligramu 14.1 badala ya 13.8. Hizo 0.3 zinabadilisha jibu lako kwa zaidi ya asilimia 6. Kwa hiyo kata visahani vitano vya shaba tupu kutoka karatasi ileile, pembeni na katikati, upate wastani na tofauti yake, na uandike tofauti hiyo kwenye ripoti. Tumia mizani inayosoma hadi miligramu 0.01. Na achana na mipako ya miligramu 0.5 kwa sentimita mraba. Huko kila kitu hufanya vizuri, na hakuna betri inayouzwa ikiwa nyembamba hivyo.

Kufunga seli

Seli ya kitufe ya CR2032 inatosha. Mpangilio: kifuniko cha chini, anodi, kitenganishi cha milimita 19, lithiamu ya milimita 15.6, bamba la chuma, springi, kifuniko cha juu. Elektroliti iwe chumvi ya lithiamu LiPF6 ya mola 1 kwa lita katika viyeyushi EC na DEC, iliyoongezwa kiongezi FEC asilimia 10. FEC hujenga utando wenye lithiamu floridi nyingi unaostahimili uvimbe vizuri zaidi. Bila hiyo usijisumbue.

Pima elektroliti kwa pipeti na uandike kiasi. Mikrolita 100, ambazo wengi huweka bila kufikiri, ni karibu gramu 0.12 kwa seli ya 2.55 mAh, yaani zaidi ya gramu 45 kwa kila ampia-saa. Betri za kiwandani hufanya kazi kwa gramu chache tu. Silikoni yako inakunywa FEC kila mzunguko, na ukiwa umeijaza seli, hutajua. FEC inapokwisha, mstari uliokuwa umetulia unaporomoka ghafla.

LiPF6 ikigusa maji hutoa asidi hidrofloriki, na lithiamu ikishika moto haizimwi kwa maji. Weka unga mkavu wa kuzimia moto wa lithiamu (daraja D) karibu na kisanduku.

Programu ya kuchaji

Acha seli itulie saa 12. Mizunguko miwili ya kwanza nenda C/20, yaani mkondo wa kujaza uwezo wote kwa saa 20, ambao kwa sahani yetu ni miliampia 0.1275, kati ya volti 0.01 na 1.0. Baada ya hapo C/5, na sakafu ya volti uipandishe hadi 0.05. Chini ya hapo silikoni hugeuka fuwele ya Li15Si4, na kuingia na kutoka kwenye fuwele hiyo kunaichosha. Utapoteza uwezo kidogo. Kubali.

Usichanganyikiwe na majina ya kwenye programu. Katika seli nusu yenye lithiamu upande wa pili, lithiamu inapoingia kwenye silikoni mashine huandika kwamba seli inatoa chaji. Kwa hiyo ufanisi unaotafuta ni kilichotoka kwenye anodi kugawanya kilichoingia.

Weka seli kwenye kabati la joto lisilobadilika, tuseme nyuzi 30. Ukiziacha mezani, mstari wako utapanda mchana na kushuka usiku, na utaanza kuandika aya nzima kueleza mawimbi ambayo ni hali ya hewa tu. Mashine iunganishwe na betri ya akiba, maana umeme ukikatika katikati ya mzunguko namba za mzunguko huo hazina maana.

Kusoma kilichotoka

Mzunguko wa kwanza utaonyesha mstari mrefu bapa karibu na volti 0.1: fuwele za silikoni zinavunjwa. Hautaonekana tena kwa namna ile, kwa sababu silikoni haitarudi kuwa fuwele. Ufanisi wa mzunguko huu kwa mchanganyiko wetu ukiwa asilimia 80 na kitu, uko sawa. Chini ya 70, angalia oksijeni ya unga wako au unyevu.

Chora mabadiliko ya chaji kwa kila badiliko la volti (dQ/dV) dhidi ya volti. Wakati lithiamu inatoka, silikoni yenye afya huonyesha vilima viwili vipana, karibu na volti 0.3 na 0.5. Kilele chembamba karibu na 0.43 maana yake Li15Si4 ilijitokeza: sakafu yako iko chini mno.

Kisha tazama ufanisi wa mizunguko inayofuata, na ufanye hesabu ya kuuzidisha wenyewe kwa wenyewe. Asilimia 99.5 inasikika tamu. Mara mia moja mfululizo, kama lithiamu haina pa kuongezwa, unabaki na asilimia 61. Asilimia 99.9 inakupa 90 baada ya mizunguko 100, lakini 61 baada ya 500. Ili ufike 500 ukiwa karibu na 78 unahitaji 99.95. Sasa angalia mashine yako. Kama kosa lake ni asilimia 0.1 ya kipimo kamili cha miliampia 5, hiyo ni mikroampia 5, na mkondo wako wa C/5 ni miliampia 0.51. Kosa linaweza kufika asilimia 1. Tarakimu ya pili baada ya nukta uliyoiona kwenye skrini haina uzito wowote. Tumia kipimo kidogo cha mkondo kama mashine inacho, na fungia seli tatu kwa kila mchanganyiko.

Kutoka seli nusu kwenda seli kamili

Seli nusu ina bamba zima la lithiamu upande wa pili, kwa hiyo kila inayopotea inajazwa kimyakimya. Uwezo unaweza kukaa palepale wakati lithiamu inavuja kila siku. Ukifika hapo na matokeo mazuri, oanisha anodi na kathodi, yaani upande chanya, ya LFP (fosfati ya chuma na lithiamu), anodi ikiwa na uwezo mkubwa kwa asilimia 10 hadi 20. Kathodi yenye 2.1 mAh na anodi inayopoteza asilimia 20 mara ya kwanza zinakuachia karibu 1.7 kabla hujaanza kuhesabu mizunguko.

Njia ya maabara ya kupunguza pigo hilo ni kuilisha anodi lithiamu kabla: igusanishe na karatasi ya lithiamu ikiwa imelowa elektroliti, ndani ya kisanduku, kisha itenganishe. Muda unategemea mpako wako. Anza na dakika chache na pima volti ya anodi dhidi ya lithiamu baada ya kila jaribio. Ukizidisha, lithiamu ya ziada itajipaka kama chuma juu ya anodi, na hiyo ni hatari ya shoti ya umeme ndani ya seli.

Seli ikifa, ifungue. Itoe chaji kwanza hadi anodi iwe haina lithiamu, ifungue ndani ya agoni, suuza anodi kwa kiyeyushi DMC, ikauke, na upime unene kwa mikromita ukilinganisha na ule wa mwanzo uliouandika. Anodi iliyonenepa sana huku bado imeshika shaba imejaa utando. Iliyobanduka na kubaki kwenye kitenganishi, gundi imeshindwa, rudi kwenye pH. Ukiikuta nzima na nyembamba, chunguza lithiamu ya upande wa pili: mara nyingi utaikuta nyeusi na yenye vinyweleo, elektroliti imekauka, na anodi uliyokuwa unailaumu bado ingeweza kufungwa kwenye seli mpya na kuendelea.